Kibao cha Kichina cha Mzee Sebagabo

Benchi letu liko mbele ya duka la Katembo, hapa Mushaki, pale magari ya kwenda Masisi yanapopumua kabla ya kupanda mlima. Vita vikikaribia, benchi linaingizwa dukani. Vikisogea mbali, linatolewa nje na Mama Sidonie anarudi na thermos yake ya kahawa. Ukitaka kujua hali ya usalama kwetu, achana na redio, tazama benchi. Asubuhi hiyo benchi lilikuwa nje, na tulikuwa tumelikalia watatu: mimi niliye fundi wa redio; Katembo mwenyewe, mfanyabiashara wa Butembo, tunayemwita Guangzhou kwa sababu alifika huko Uchina mara moja kununua bidhaa na tangu arudi hajanyamaza; na Séraphin, tunayemwita Diksionere, kwa kuwa kila neno analijua, na yale asiyoyajua anayajua zaidi. Pembeni kidogo, chini ya bati, Kétsia alikuwa amewasha jenereta ya sekretaria yake: kompyuta moja, printa moja, na ulimi mkali wa kulinda vyote viwili.

Mzee Sebagabo alifika akipita katikati yetu bila kumuuliza mtu habari za nyumbani. Mfugaji wa kwetu akisahau salamu, ujue kuna jambo. Alienda moja kwa moja kwa Kétsia.

— Kétsia mwana wangu, hii ordinateri yako inaweza andika Kichina?

— Kichina ya kufanya nini, papa?

— Ya kutia ku kibao. Kesho ile katapila itafika ku iriba yangu.

Hapo hata Guangzhou alishusha kikombe. Iriba ni mahali ng'ombe wanapokunywa maji, na ile ya Sebagabo ilichimbwa na baba yake. Kampuni ya Wachina ilikuwa inapanua barabara, na piketi zao, vijiti vya kupimia vyenye rangi nyekundu, zilikuwa zimepita katikati ya maji yale. Kwenda kuzungumza nao haikuwezekana, kwa maana askari walilinda kazi ile, na wakati wa vita anayesogelea anaitwa mpelelezi kabla hajaitwa jina lake. Mkubwa wao, Mchina, alikuwa amekimbilia Goma baada ya kusikia milio ya risasi. Aliyebaki ni dereva tu, ambaye tulimwona kwa mbali, amejifunika kofia ya chuma, miwani ya vumbi na kitambaa hadi puani.

— Nasimama ku kilima, alisema Sebagabo, namupungia fimbo: pita kule! Ye ananipungia mukono. Anafikiri namusalimia!

— Basi kibao njo dawa, alisema Guangzhou. Muchina akiona Kichina, lazima asimame. Bale bantu miye nabajua.

Diksionere alitikisa kichwa kwa huruma.

— Haiwezekane. Herufi za Bachina ziko mingi kupita bantu ba Masisi yote. Klavye yao iko kubwa sawa kitanda. Muchina anaandika akitembea juu yake, bila viatu.

— Bongo, uongo mutupu! alisema Guangzhou. Miye niliona klavye yao kwa macho. Iko ndogo sawa hii ya Kétsia. Lakini kila herufi iko na zingine zinalala chini yake. Unafinya mara moja inaamuka ya kwanza, unafinya tena inaamuka dada yake.

— Na ukifinya vibaya?

— Zinaamuka zote. Pale unazima na kuenda kulala.

— Kumbe njo maana balivumbua baruti, alisema Diksionere. Ilikuwa ya kuamusha herufi.

Mama Sidonie, aliyekuwa anamimina kahawa, alimgeukia Guangzhou.

— Weye Kichina ulijifunza lini? Si ulikaa kule siku kidogo tu, tena na tumbo ya kuhara?

— Kichina haijifunzwe, Mama. Inaingia.

Tulicheka, Sebagabo hakucheka. Alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili macho yakiwa kwenye kioo cha kompyuta. Kétsia alimwona, akatufokea.

— Muache kelele! Papa Sebagabo, kaa. Mu Windows kuko fasi ya kuongeza luga. Ngoja... Options régionales... hii hapa: langues d'Extrême-Orient, luga za kule kwa Bachina. Unatia alama mu kasanduku, unakubali... Ah! Inaomba diske.

— Diske gani?

— Ile waliniuzia pamoja na ordinateri. Ya kung'aa. Nilikuwa nayo juu ya hii kabati.

Mama Sidonie aliweka thermos chini, taratibu mno.

— Ile ya kung'aa sana? Yenye tundu katikati?

— Mama Sidonie!

— Si ulisema haina tena kazi? Niliitundika mu mahindi. Tangu iwe pale, ata ndege moja haijakula kwangu.

Basi Mama Sidonie alikimbia shambani, kitenge mkononi, akarudi na diski inaning'inia kwenye kamba, ina mikwaruzo na mavi ya ndege. Guangzhou alitaka kuipaka mafuta ya mawese, kwamba huko Uchina ndivyo wanavyofanya. Kétsia alimnyang'anya, akaipangusa kwa pamba, akaipulizia pumzi, akaiingiza. Kompyuta ilikoroma kama mtu mwenye mafua. Tulisogea wote kwenye kioo, hata Diksionere, maana kile kimstari cha kijani kilikuwa kinatembea kidogo, kinasimama, kinatembea tena. Halafu jenereta ikaanza kukohoa.

— Esanse inaisha! alilia Kétsia. Ikizimika sasa, tunaanza upya!

Macho yote yalikwenda kwenye pikipiki ya Guangzhou.

— Apana. Ile ni ya kunifikisha Sake.

— Papa Katembo, alisema Sebagabo, na ndilo neno pekee alilosema.

Guangzhou alinung'unika kwa Kinande maneno ambayo sikuomba kutafsiriwa, akaleta mpira, akafyonza petroli kwa kinywa chake mwenyewe, akaitema, akalaani barabara zote za dunia. Jenereta ikatulia. Kimstari kikafika mwisho. Kétsia akazima kompyuta, akaiwasha tena, na kwenye kona ya kioo pakatokea alama ndogo ambayo haikuwepo. Tulipiga makofi.

— Bon, alisema Kétsia. Sasa naandika je?

Hapo tulitazamana. Klavye ilikuwa ileile, na A zake na B zake. Diksionere alishauri tuizungushe juu chini. Guangzhou alisema tufinye kwa kidole cha mwisho, kwamba Wachina wana heshima. Kétsia, kwa hasira tu, aliandika neno alilokuwa nalo kichwani: maji. Na chini ya neno lile ukafunguka mstari mzima wa herufi za Kichina, safi, nyeusi, zimejipanga.

— Yampaye inka! alisema Sebagabo, akiapa kwa Kinyarwanda kwa aliyempa ng'ombe, akasimama wima.

— Inajua Kiswahili! nilipiga kelele mimi, na sijui kwa nini sauti yangu ilipanda vile.

— Niliwaambia, alisema Guangzhou. Bachina banataka kuuza kwetu, lazima batie na luga yetu ndani. Bale hababahatishe. Andika "simama".

Simama ilikubali. Tukaona ajabu tupu. Lakini "ng'ombe" ilikataa. Kila Kétsia alipoandika, herufi zetu zilibaki herufi zetu.

— Bachina habana ng'ombe, alieleza Diksionere.

— Muntu hana ng'ombe anaishi na nini? aliuliza Sebagabo, na nilisikia kwamba aliwahurumia kweli. Basi andika "mali". Ng'ombe njo mali.

Mali ilikubali mara moja, na hakuna kati yetu aliyewaza kwamba kompyuta ilikuwa inafuata sauti tu, si maana.

Ikabaki kuchagua, kwa sababu kila neno lilileta ndugu zake wengi, na Kétsia alisema tumwambie tunataka yupi. Kwa "simama" tulichukua zile zenye miguu. Kwa "maji" Mama Sidonie alichagua ile iliyofanana na paa linalovuja. Kwa "mali" tulimwachia Sebagabo, naye alisogeza pua hadi kwenye kioo, akapita moja moja, kama anavyochagua ndama sokoni, mpaka akapata yenye pembe.

— Hii. Hii iko na pembe ya ng'ombe ya kwetu.

Printa ilitoa herufi moja moja, kubwa, kila moja na karatasi yake. Tulizibandika kwa uji wa muhogo juu ya ubao wa sanduku la sabuni. Nakuambia kilipendeza. Sebagabo alikishika mbali na uso, kisha karibu, machozi yakamtoka bila kuyaficha.

— Baba yangu alichimba ile maji na jembe ya mukono. Bilipopita vita ya kwanza, tulikimbia. Tuliporudi nyumba iliungua, maji ilikuwa pale. Maji ingine iko mbali, na njiani kuko basoda na bunduki zao. Ng'ombe zangu zikienda kule, hazirudi.

Nilimpenda sana mzee yule wakati huo, na niliona kibao chetu ni kitu kizuri kuliko vyote vilivyofanyika Mushaki mwaka ule.

Wakati uji unakauka juani, alikuja mtu mmoja mwenye buti za vumbi na suruali ya vumbi, akaomba kahawa kwa Mama Sidonie, akakaa kwenye ncha ya benchi. Alikunywa nusu ya kikombe akitazama kibao.

— Hii inasema nini?

— Simama, maji, mali, alijibu Diksionere bila kupepesa macho.

— Kwa luga gani?

— Kwa Kichina, kaka. Hauone?

— Na inaandikiwa nani?

— Yule Muchina wa katapila.

Mtu yule aliweka kikombe kwenye goti.

— Muchina gani wa katapila?

— Yule wa kofia ya chuma, alisema Guangzhou, wa miwani ya vumbi. Miye namujua, ni muntu wa Guangzhou, iko na mabega ya kule.

Mgeni alitia mkono mfukoni, akatoa miwani ya vumbi, akaiweka juu ya benchi kati yake na Guangzhou.

— Miye naitwa Valentin. Niko wa Bweremana. Ile katapila naendesha miye, tangu tuliacha Sake. Kichina sijue ata neno moja.

Guangzhou aliitazama miwani, kisha mabega ya mgeni.

— Sasa kesho, aliendelea Valentin, ningekuta hii kibao pale njiani. Munajua ningefanya nini? Ningesema ni chef wangu anaituma, nipite hapo hapo.

Sebagabo alikaa chini kwenye jiwe. Kile kibao kilimponyoka, kikaanguka kifudifudi.

— Papa, alisema Valentin kwa upole, ni weye unanipungiaka fimbo? Ulitaka kuniambia nini?

Mzee alitazama kwanza kibao pale chini. Alikuwa amejiandaa kwa Kichina. Mwishowe alisema:

— Kuko maji pale. Ng'ombe zangu hazina ingine.

— Njo ile tu?

— Njo ile tu.

Valentin alifikiri, akachora kwa buti yake mstari mavumbini, kisha akaupinda.

— Chef alitia piketi mu kiangazi, wakati ya jua, maji haikuonekana vizuri. Nitamuita ku radio nimuambie udongo ya pale iko laini, mashini itazama. Tena siyo bongo, kama kuko maji itazama kweli. Ye mwenyewe hataki kupoteza mashini. Tutapita chini, ku majani. Basoda muniachie miye niseme nao, banalala kwangu ku kambi. Lakini twende unionyeshe sasa.

Sebagabo alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, na alicheka na kulia kwa pamoja hata Mama Sidonie akageuka kando. Diksionere alianza kusema kwamba yeye tangu mwanzo alikuwa na mashaka. Kétsia alimtazama, naye akajishughulisha na kikombe chake.

Walikuwa wameshaanza kuondoka, mzee mbele, Valentin alipogeuka. Hakuwa amekasirika. Alikuwa kama mtu anayetaka kujua kweli.

— Bakubwa, niwaulize. Miye nazaliwa hapa chini tu, ku ziwa. Kwa nini wote mulifikiri mashini kubwa vile haiwezi endeshwa na mutoto wa kwetu?

Guangzhou, aliyefika Uchina, aliokota mpira wake wa petroli, akauzungusha mkononi. Mimi nilitazama vidole vyangu vinavyofungua redio za watu kila siku. Valentin alingoja kwa adabu, kisha akamfuata mzee.

Kétsia alinyoosha mkono akazima jenereta. Mama Sidonie aliinamisha thermos, akaitikisa.

— Kahawa inaisha, alisema, ingawa hakuna aliyekuwa ameomba.