Dianah Kalondu, Fundi wa Mashua wa Gatongora

Mchungaji, wazee wa pande zote mbili, majirani na marafiki mliofika hapa Kalimoni, haya ni maisha ya Dianah Kalondu Muigai, binti ya Nzioki, kama yalivyoandikwa na baba yake, Bw. Elijah Nzioki Kaleli, na yanasomwa kwa niaba ya familia na mpwa wa mzee huyo, Bw. Mutinda. Jina la marehemu ni Dianah, lenye herufi h mwishoni, hivyo ndivyo lilivyo kwenye cheti chake, na familia inaomba radhi kwa tangazo lililobandikwa pale steji ya Ruiru bila herufi hiyo.

Kabla ya kuendelea, kuna jambo ambalo halijaamuliwa. Mtoto wa marehemu, Emmah Wamboi, mwenye umri wa miaka tisa, hajalia tangu mama yake afariki, na wapo wanaotaka ashikwe mkono leo, aletwe mbele ya jeneza na kuonyeshwa uso wa mama yake, ili aamini na kulia kama watoto wengine. Shangazi yake, Bi. Rachael, amelisema jambo hilo kwa upendo, na amelisema zaidi ya mara moja, nao wazee hawajakubaliana. Baba wa marehemu ameomba uamuzi ungoje mpaka historia hii imalizike kusomwa, kwa sababu alilo nalo la kusema limo ndani ya kazi ya marehemu, na wengi wenu mlijua tu kwamba alikuwa fundi.

Dianah Kalondu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1984, mjini Thika, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa Bw. Nzioki, wakati huo karani wa ghala katika kiwanda cha nguo, na marehemu Bi. Kavindu, aliyeuza mboga Makongeni, akapewa jina la Kalondu kwa heshima ya nyanya yake mzaa baba. Alilelewa Makongeni, katika nyumba ambayo redio ya baba yake ilikaa juu ya kabati kama mgeni wa heshima, hadi siku moja Kalondu, akiwa na miaka kumi, alipoishusha na kuifungua kwa kisu cha mezani. Mama yake alipomkuta alimwuliza, "Sasa baba yako atasikiliza habari kwa kitu gani?" naye akajibu bila kuinua kichwa, "Atasikiliza hii hii, mwaitu, ikishaacha kukohoa." Redio ilikohoa siku mbili zaidi, kisha ikanyamaza kabisa, na baba yake akanunua nyingine, akaiweka mahali palipo juu zaidi.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Makongeni, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1998, akaendelea na shule ya upili mjini Thika kuanzia 1999 hadi 2002, kisha akajiunga na chuo cha ufundi mwaka 2003, akahitimu mwaka 2005 katika taaluma ya elektroniki. Baba yake alikuwa amemtafutia nafasi ya chuo cha ualimu, na alikuwa na sababu nzuri, lakini Kalondu alimwambia kwamba hawezi kufundisha watoto arobaini wakati hata kuku wa mama yake hawakuwahi kumsikiliza, na jambo hilo likaishia hapo.

Mwaka 2006 aliajiriwa mjini Mombasa katika karakana ya vyombo vya elektroniki vya mashua, yaani redio, vipima kina, na vile vyombo vya GPS vinavyopokea ishara za setilaiti na kumwonyesha nahodha mahali alipo juu ya maji. Alikaa huko hadi mwaka 2013, alipopata habari kwamba mama yake ni mgonjwa, akaacha kazi, akarudi nyumbani kumtunza, na Bi. Kavindu alipofariki mwezi wa Novemba mwaka huo, Kalondu hakurudi pwani. Mwezi wa Februari 2014 alifungua duka lake Gatongora, Ruiru, katika mlango mmoja kati ya duka la vifaa vya ujenzi la Bw. Njau na kinyozi, akaandika juu ya mlango kwa rangi ya buluu, FUNDI WA MASHUA.

Watu walicheka, na Bw. Njau, aliye hapa na atakayekubali kwamba ni kweli, ndiye aliyecheka zaidi. Alisimama barabarani akaita, "Mama, bahari iko upande gani? Ama unangoja mvua ya Aprili?" Kalondu akamjibu, "Nangoja mashua yako, Njau. Si unauza mabati? Niundie moja." Lakini mashua hazikuwa na haja ya kufika Ruiru, kilichofika ni vyombo vyake ndani ya maboksi, kutoka Naivasha, kutoka Homa Bay, kutoka Mombasa kwenyewe, na haukupita mwaka mmoja kabla ya Bw. Njau kuwa ndiye anayempokelea maboksi hayo asipokuwepo, na kuwaeleza wapita njia, kwa uhakika ambao hakuupata shuleni, maana ya antena.

Kwa kuwa baba yake alistaafu mwaka 2001 na hakuwa na kazi nyingi, alizoea kwenda Gatongora siku za Alhamisi na kukaa kwenye kiti karibu na mlango, hivyo anaweza kueleza jinsi marehemu alivyofanya kazi. Hakuanza kwa kubadilisha kipuri. Alianza kwa mbingu, akiuliza kama antena inaiona au imefichwa chini ya bati na turubai, kisha akaenda kwenye umeme, kwa sababu betri iliyochoka hukifanya chombo kizima kionekane kibovu, na mwisho akaja kwenye waya mkuu unaoviunganisha vyombo vyote ili vipashane habari. Huo waya ndio uliowashinda mafundi wengi, kwani kifaa kimoja chenye hitilafu kinaweza kuvinyamazisha vyote, na anayelaumiwa akawa jirani yake asiye na kosa, kwa hiyo alikuwa akichomoa kimoja, anatazama, anakirudisha, anachomoa kingine, bila haraka, hadi vile vingine vianze kusema tena.

Mwaka 2019 aliitwa na kikundi cha wavuvi wa bwawa la Masinga, ambao mashua yao ya kuwatafuta watu waliopotea majini ilikuwa ikipoteza ishara kila walipoihitaji, nao walikuwa wamekwisha kununua antena mbili mpya bila kupata nafuu. Kalondu aliuliza waliihitaji saa ngapi, wakasema ni giza likiingia, akauliza wakati huo huwa wanawasha nini, wakamwonyesha taa kubwa waliyoifunga kwenye mlingoti, shubiri moja kutoka kwenye antena. Nahodha, Bw. Ndambuki, alimwambia, "Hiyo usiiguse, mwaitu, hiyo ni mpya kabisa, haina hatia." Akajibiwa, "Hata mgeni mpya huleta fitina nyumbani, Ndambuki. Izime." Ikazimwa, ishara ikarudi, ikawashwa, ishara ikapotea, kwani taa hiyo ya bei rahisi ilikuwa ikitoa kelele za umeme zilizoifunika sauti ndogo ya setilaiti, na ikabidi ihamishiwe upande wa nyuma na waya wake uelekezwe mbali. Bw. Ndambuki amesafiri leo kutoka Masinga, na familia inamshukuru.

Kuhusu ndoa, Kalondu alifahamiana na Bw. Peter Muigai Kagwe katika ofisi ya vifurushi mjini Ruiru, ambako Muigai alikuwa karani, na ambako alimkabidhi boksi baada ya boksi mpaka akapata ujasiri wa kumkabidhi moja lenye mandazi. Wazee wa Kagwe walileta mbuzi wa ntheo, yaani mbuzi wa kumposa binti, nyumbani Makongeni tarehe 12 Desemba 2014, kama mila ya Wakamba inavyotaka, na mmoja wa mbuzi hao aliingia nyumbani kwa jirani akala pazia, jambo lililowapatanisha wazee wa pande mbili kuliko hotuba zote. Harusi ilifanyika kanisani Ruiru Jumamosi, tarehe 25 Aprili 2015. Walijaliwa mtoto mmoja, Emmah Wamboi, aliyezaliwa tarehe 2 Agosti 2016, akaitwa Wamboi kwa jina la mama yake Muigai, naye ndiye aliyekaa chini ya meza ya duka hilo akiwa mchanga, na juu yake alipoanza shule.

Ni juu ya meza hiyo alikokuwa Wamboi, Alhamisi moja ya likizo ya Agosti mwaka jana, na baba wa marehemu akiwa kwenye kiti chake karibu na mlango, wakati simu ilipopigwa na mteja aitwaye Bw. Mburu. Bw. Mburu alikuwa amenunua mashua iliyotumika huko Mtwapa, akaipakia kwenye lori, akaipeleka Naivasha, akaiwasha GPS yake kwa mara ya kwanza ikiwa bado chini ya turubai. Sauti yake ilisikika dukani kote, "Mama, hii kitu imeharibika! Inasema niko Mtwapa, na mimi niko Naivasha nimevaa sweta mbili!" Marehemu akamwambia asibonyeze chochote, aitoe chini ya turubai na kuiweka mahali inapoiona mbingu yote, kisha aende akanywe chai. "Na ikikataa?" akauliza Bw. Mburu. "Haijakataa, baba. Ilizimwa ikiwa Mtwapa, ikabebwa ikiwa imezimwa. Haijajua tu kwamba imehamishwa. Ukianza kuibonyeza na kuizimazima, kila mara inaanza kutafuta upya." Bw. Mburu alipiga tena baadaye, kwa sauti ya chini, kusema kwamba chombo sasa kinajua kiko Naivasha, na Wamboi akauliza kama kilikuwa kimedanganya, mama yake akamwambia hapana, kilikuwa kinasema mahali pa mwisho kilipopajua.

Jumanne, tarehe 3 Februari 2026, marehemu alimsindikiza Wamboi shuleni, akamfungia kamba za viatu ingawa mtoto alilalamika kwamba yeye ni mkubwa, kisha akaenda dukani. Saa nne asubuhi alimwambia Bw. Njau kwamba kichwa kinamuuma, akaketi, na hakuweza kuinuka. Bw. Njau na kinyozi walimbeba hadi kwenye gari na kumfikisha hospitalini Thika, ikagunduliwa kwamba mshipa ulikuwa umepasuka kichwani, akafanyiwa upasuaji jioni hiyo, na hakupata fahamu tena. Alifariki Ijumaa, tarehe 6 Februari 2026, akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja. Siku hizo zote Wamboi aliambiwa kwamba mama amelazwa, na hakupelekwa, kwa kuwa watoto hawaruhusiwi katika wadi ile.

Jioni ya Ijumaa Wamboi aliambiwa. Aliitikia, akaenda kuandaa meza, akaweka sahani ya mama yake. Ameiweka kila jioni tangu siku hiyo, na Bi. Rachael alipomwambia, "Lia, mwanangu, utoe hiyo kitu moyoni," mtoto alimwuliza kama anataka chai. Jumapili baba wa marehemu alitoka kanisani akaketi karibu na simu, kwa kuwa marehemu humpigia baada ya ibada, na aliketi hapo mpaka chakula kikapoa. Yeye pia hajalia. Anayasema haya ili ijulikane kwamba si mtoto peke yake.

Kwa hiyo hili ndilo ombi lake kwa wazee na kwa Bi. Rachael, ambaye anamheshimu. Mtoto huyu hajakataa kuamini, na hana ugumu wa moyo. Alifungiwa kamba za viatu asubuhi, na aliporudi jioni kila kitu kilikuwa kimehamishwa bila yeye kuona, sasa anasema mahali pa mwisho alipopajua. Asishikwe mkono, asibonyezwe. Jeneza litakaa wazi mpaka mwisho wa nyimbo, na kiti cha Wamboi kimewekwa nje ya hema, kando ya babu yake, mahali wanapoliona. Akitaka kwenda, babu yake atakwenda naye. Asipotaka leo, kaburi liko hapa Kalimoni, kwenye shamba la baba yake, Muigai, naye ataletwa siku atakayosema mwenyewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia Thika, Bw. Njau na kinyozi wake jirani, Bw. Ngigi, kwa mikono yao, wafanyakazi wa ofisi ya vifurushi Ruiru waliosimama na Muigai, wavuvi wa Masinga, Bw. Mburu wa Naivasha, na akina mama wa Gatongora wanaopika tangu Ijumaa. Wenye vyombo vilivyobaki dukani watavipata kwa Bw. Njau, kila kimoja kikiwa na jina la mwenyewe.

Pumzika kwa amani, Kalondu wa Kavindu. Sisi tumetolewa nje, tunaiona mbingu, na bado tunatafuta mahali tulipo.