Mzee Mwinyijuma Hakuiharibu Kompyuta

Neno hili nililificha miezi mitano, na naliweka hapa juu ili hata asiyesoma zaidi awe amelipata: kompyuta ya ofisi niliiharibu mimi, si Mzee Mwinyijuma Shekhe.

Mzee Mwinyijuma, fundi wa maabara, anastaafu tarehe 30 Juni 1994 baada ya miaka thelathini na moja shuleni kwetu. Alikuja kutoka Mwera akiwa kijana mwenye bisibisi moja. Miaka ya foleni za sabuni, shule haikuwa na spiriti wala balbu. Alitengeneza taa za maabara kwa makopo ya maziwa na mizani kwa vifuu. Wanafunzi wakimtania, "Babu, moyo wangu ukilegea utaufunga waya?" hujibu, "Kwanza nitauchora." Ndiyo desturi yake: hatoi skrubu hata moja kabla hajakichora kitu kilivyo katika daftari lake, na tarehe pembeni.

Mwaka jana baba yangu, Fidahussein, aliipa shule kompyuta kuukuu ya dukani, iliyopitia mpaka wa Horohoro biashara ya nje ilipofunguliwa. Mzee aliifungua, akaichora, akaifunga. Ikafanya kazi. Majina ya watahiniwa wote wa Kidato cha Nne yakaingizwa humo.

Mimi nilipewa kazi ya kuipangusa vumbi, nikakisoma kijitabu chake. Kilisema kwamba kwenye kadi inayoongoza diski, jampa, yaani kibano kidogo cheusi kinachounganisha pini mbili, ikae jozi ya pili. Nikafungua, nikaikuta jozi ya nne. Nikaisahihisha! Sikutazama kwamba kijitabu kilikuwa cha kadi nyingine. Ilipowashwa, kompyuta iliandika 1701, namba ya hitilafu ya diski, ikagoma.

Hakuna aliyeniuliza. Binti wa aliyetoa kompyuta haulizwi. Mzee aliomba aifungue, ailinganishe na daftari lake. Mwalimu Jumbe, makamu wa mkuu wa shule, alimjibu mbele ya wahudumu wote: "Mzee wangu, hii si karabai." Akampokonya ufunguo wa ofisi. Ikaandikwa barua ya uzembe, ikatiwa kwenye faili la mtu aliyeiendesha maabara kwa makopo. Hakuna hata mmoja aliyefunua kifuniko kutazama. Nami nikanyamaza miezi mitano, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Sasa nimeagizwa niandike wasifu wa kuchangamsha, kompyuta nisiitaje. Leo mtampa saa ya ukutani, na barua ile bado imo failini. Hii ni heshima gani?

Mzee Mwinyijuma, shikamoo. Asante kwa kutufundisha kutazama kabla ya kugusa. Mungu akupe afya na minazi yako ya Mwera izae. Nakuomba radhi mbele ya watu wote.

Jana nilikwenda kwake, nikamweleza. Akanipa daftari lake. Ukurasa wa 12 Agosti 1993 unaonyesha jampa jozi ya nne. Nililipeleka kwa mkuu wa shule, nikaifungua kompyuta mbele yake na Mwalimu Jumbe, nikairudisha jampa. Majina yote yalitokea. Nikaomba barua itolewe failini kabla ya saa kukabidhiwa. Mwalimu Jumbe akasema, "Tutalizungumza baada ya sherehe." Nikaomba stensili, nikauchapa wasifu huu, nakala mia mbili. Ya kwanza naiweka kwenye kiti chake.

Narmin Fidahussein, Kidato cha Tatu