Safu za Kushoto za Mwalimu Vénérande

Ndugu zetu mliofika hapa Kakese, karatasi hii imeandikwa na mume wa marehemu, nami Cletus, mdogo wake marehemu, nimepewa niisome kama ilivyo, bila kuruka mstari, hata pale ambapo yeye mwenyewe hakujihurumia.

Mwalimu Vénérande Nduwimana alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 huko Mishamo, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Sixte na mama Apollinarie, wakulima wa mahindi na maharage waliotoka Burundi mwaka 1972. Nyumbani kwao kilisemwa Kirundi, Kiswahili alikikuta darasani, akakishika kwa mikono miwili kama mtu anayehofia kunyang'anywa.

Alisoma shule ya msingi Mishamo kuanzia 1989 hadi 1995, sekondari mjini Mpanda hadi 1999, kisha ualimu Tabora, alikohitimu mwaka 2003. Alifundisha Kiswahili Mishamo tangu Januari 2004, akapata cheti cha uraia mwaka 2014, na mwaka uliofuata akahamia hapa Kakese, alikofundisha hadi alipougua.

Tarehe 8 Julai 2006 alifunga ndoa na Ladislas Kasonso, mpima ardhi, nao wakajaliwa watoto wawili, Joséline mwaka 2008 na Zefania mwaka 2012.

Mwaka huohuo wa ndoa ndipo ilipoanza desturi ambayo majirani wengi wanaijua. Kila Jumapili gazeti la jana yake lilifika na basi, na Mwalimu alikaa mezani na fumbo la maneno, lile gumu, ambalo madokezo yake huzunguka na majibu yake ni maneno ambayo wengi wetu hatujawahi kuyasikia. Dokezo moja lilisema, hupumua kwa mhunzi ila hauna uhai, herufi saba, akaendesha baiskeli hadi Kasekese kumuuliza mzee aliyewahi kufua majembe, akarudi jioni na neno mvukuto, akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi na furaha ya siku tatu. Aliandika kwa wino wa buluu, visanduku vilivyomshinda alimwachia mume wake avijaze kwa penseli, akimtania kwamba mtu anayelipwa kwa kupima viwanja anashindwaje kujenga kwenye kiwanja alichokwisha kupimiwa, kisha kila fumbo lilibandikwa kwenye daftari kubwa na kuandikwa tarehe.

Jumapili ya tarehe 8 Oktoba 2023 aliacha wazi safu mbili za kushoto. Mume wake alizijaza, akaona maneno yake ni mepesi, akadhani mke wake ameamua kumwachia sehemu yake, akafurahi. Kufikia Krismasi safu zilikuwa nne, kufikia Pasaka zilikuwa sita, naye aliendelea kuchonga penseli. Katika miezi hiyohiyo Mwalimu alianza kugonga bega la kushoto kwenye mwimo wa mlango, akawa anabakiza ugali wa upande mmoja wa sahani na kusema ameshiba, na wanafunzi wa darasa la nne waliokaa upande wa dirishani, kushoto kwake, walilalamika kwamba Mwalimu hawachagui hata wakinyoosha vidole hadi kusimama. Mambo hayo yote yalisimuliwa nyumbani, yakachekwa, yakaitwa uchovu.

Tarehe 20 Agosti 2024 alipatwa na maumivu makali ya kichwa na kutapika, na tarehe 6 Septemba alifikishwa hospitali ya rufaa Mbeya. Ladislas alibeba lile daftari ili mgonjwa asikose la kufanya kitandani. Daktari alilifungua, akarudi nyuma ukurasa baada ya ukurasa, mwishowe akaweka kidole kwenye tarehe 8 Oktoba, akauliza penseli hii ni ya nani. Uvimbe ulikuwa upande wa kulia wa ubongo, ulikuwa umemfungia dunia ya kushoto kidogo kidogo, bila yeye kujua kwamba kuna kitu hakioni, na ulikuwa umekua mno. Alifanyiwa upasuaji tarehe 19 Septemba, akarudishwa nyumbani, akafariki Jumapili ya tarehe 3 Novemba, saa kumi alasiri.

Mume wake ameomba lisemwe hadharani kwamba yeye, ambaye kazi yake ni kusoma mipaka, alitazama mpaka huo ukisogea kwa miezi kumi na moja, akaujazia maneno.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Mbeya na Mpanda, walimu wenzake, jumuiya yetu, na mama Rabia jirani, aliyepika kwa siku hizi zote na kuwalaza watoto kwake.

Asubuhi ya siku ile ya mwisho gazeti lilifika, Mwalimu akajaza safu tatu za kulia, kwa mwandiko wake uleule. Fumbo hilo limebandikwa na kuandikwa tarehe, na upande wa kushoto utabaki wazi.

Vénérande, pumzika kwa amani.