Fundi wa Giaboksi na Taa Aliyoizima

Wasikilizaji wapendwa, leo naanza bila muziki. Mtanisamehe. Jumanne asubuhi tulimpoteza fundi wa giaboksi, yule wa gereji ya nyuma ya kituo cha mafuta. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Wengi mlimwita Mzee Digrii. Narudia kwa mliofungua redio sasa hivi: Mzee Digrii, fundi wa giaboksi, hatunaye tena.

Jina lile alilipata kwa kazi yake. Ukimpelekea gari ya otomatiki, hata salamu haijaisha, anauliza, "Oili yake ina digrii ngapi?" Anatumbukiza kipimajoto chake mwenyewe. Mnazunguka na gari mtaa mzima, mkirudi anapima tena. Watu walimtania kwamba hata chai nyumbani anaipima. Nilipomuuliza mjane wake, alitabasamu kidogo. "Chai yangu aliinywa bila maswali," alisema. "Gari ndiyo hakuiamini."

Niwaeleze kidogo, maana si wote ni madereva. Giaboksi ya otomatiki inafanya kazi ndani ya oili. Oili ikipata joto kupita kiasi inaungua, inakuwa nyeusi, na giaboksi inaanza kuteleza. Mwishowe gari haiendi. Kuna kidude kidogo humo ndani, sensa, kinachopima joto hilo na kuwasha taa kwenye dashibodi. Taa ikiwaka, ama oili imechemka kweli, ama sensa yenyewe imeharibika. Ni lazima upime ndipo ujue.

Miaka kumi na miwili iliyopita, fundi wetu hakupima.

Ndani ya wiki mbili alikuwa ametengeneza gari nne zenye taa hiyo. Zote nne, sensa mbovu, oili haina tatizo. Ya tano ilikuwa gari ya wagonjwa. Hospitali ilikuwa nayo moja tu, ikaitaka siku hiyo hiyo. Akasema ni sensa tu, kama zile nyingine. Akakata waya, akaunganisha kifaa cha kuidanganya gari kwamba joto ni la kawaida, akaagiza sensa mpya. Taa ikazimika. Kumbe rejeta ya kupozea oili ilikuwa imeziba.

Siku ya tatu gari ile ilikuwa imempakia mama mmoja anayevuja damu. Ikafika katikati ya mlima. Injini inanguruma, magurudumu hayasogei. Gari nyingine ilikuja baada ya dakika hamsini. Yule mama alikuwa ameshakata roho.

Lawama zote zikamwangukia dereva. Ilisemekana ameiendesha gari vibaya. Kikao cha kumfukuza kazi kilishaitishwa. Dereva huyo sasa amestaafu, na ameniambia: "Fundi aliingia bila kuitwa. Akaweka ile sensa juu ya meza. Akasema, 'Nimeipima leo kwenye maji ya moto. Ni nzima. Ilikuwa inasema kweli, mimi ndiye niliyeinyamazisha.' Hakuna aliyekuwa anajua, mwanangu. Angenyamaza, mimi ningekwisha."

Dereva akabaki kazini. Fundi akalipoteza jina lake zuri, na kwa mwaka mzima gereji ilikuwa kimya. Lakini kilichomsumbua ni nyumba ya yule mama. Mjane wa fundi anasema mumewe alikwenda huko mara moja tu. "Alirudi, akakaa kitandani na viatu vyake. Nikamuuliza wamesemaje. Hakunijibu. Hakuwahi kunijibu mpaka amekufa."

Wasikilizaji wapendwa, mimi najua walichomjibu. Yule mama alikuwa mama yangu mzazi. Mlango niliufungua mimi, nikiwa na miaka ishirini na mmoja. Alisema, "Mwanangu, nimekuja kuomba msamaha." Nikamwambia, "Usikanyage hapa tena." Nikafunga. Hakukanyaga tena.

Hasira ile ilinitoka miaka mingi iliyopita. Nilipita mbele ya gereji yake sijui mara ngapi. Nilimwona ameinama chini ya gari na kipimajoto chake, nikajiambia nitasimama kesho. Jana mjane wake aliniambia kwamba kipindi hiki hakikumpita hata siku moja. Kikianza, alizima mashine zote gerejini, akakaa. Nimelia mbele yake bila aibu.

Mama, mke wa Mzee Digrii, na wanao wote watatu, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Mume wako nilimsamehe zamani, na sikumwambia. Nalisema leo, na yeye hasikii. Hilo ni kosa langu.

Nawe unayenisikiliza, kama kuna mtu anayengoja neno lako, na simu yake bado inapokelewa, zima redio umpigie. Sitakasirika.