Kelele Kabla ya Kupanda Mtende

Mheshimiwa Umda Mitwalli, mkuu wa kijiji chetu. Daktari Lamlum, mwalimu wa kilimo kutoka chuo kikuu. Mahaji wake kwa waume. Vijana mnaotuaga leo. Na ninyi mliofuata harufu ya bata: amani iwe juu yenu, kwa mpangilio huo huo.

Nimeombwa niseme machache kwa sababu mimi, Shihata, ndiye mtu wa kwanza wa kijiji hiki kuingia chuo kikuu. Msigune. Basi, nilifika getini. Aliyeingia ni punda wangu, aliyekuwa na kidonda, wakamtaka wanafunzi wa tiba ya mifugo. Mimi niliambiwa nisubiri nje. Kwa hiyo msomi ni marehemu punda, nami nasema kwa niaba yake.

Vijana hawa walikuja kufanya kwa mikono yale waliyoyasoma kwa macho. Na kusoma walisoma, tusiwavunjie heshima. Daktari aliwachorea mtende ubaoni, akawaonyesha jinsi mkanda wa kupandia unavyozunguka kiuno na shina, na jinsi maua ya dume yanavyopachikwa kwenye karara, kole la maua, la mtende jike. Je, Daktari mwenyewe amewahi kupanda kitu kirefu kuliko kiti? Mimi siulizi. Nasema tu kwamba kwenye ubao ule hapakuchorwa majirani.

Haitham, simama wakuone. Huyu ni mtoto wa Iskandaria, anaishi ghorofa ya tisa, na kwao kuona sebule ya mwenzio ni sehemu ya kifungua kinywa. Asubuhi moja alijifunga mkanda, akaupanda mtende wa Hajji Bayumi kimya, kama mwizi wa kuku. Kimya, jamani. Hapa kwetu hata kipofu akipanda mtende hupaza sauti kwanza, "Ya Satiri, ya Satiri," yaani ewe Mwenye kusitiri, ili wanawake wa nyua za jirani wajitande au waingie ndani. Kijana akafika juu, akatazama chini, na uani kwa Umda akaona alichokiona.

Kabla hajashuka, Umda alikuwa tayari chini ya mtende, mikono imelowa.

"Shuka, we usiye na haya. Umeona nini?"

"Sijaona kitu, Umda wangu."

"Muongo. Funga mizigo yako. Muhuri wangu utausikia kwa wenzio."

Sasa, bila muhuri wa Umda mafunzo hayahesabiki, na yasipohesabika mwaka mzima unarudiwa. Na baba yake Haitham, dereva wa teksi, alikwisha kuwaalika abiria wake wote kwenye sherehe ya kuhitimu. Kijana akakaa kizingitini pangu, hali chakula. Tukaenda kuomba radhi, Daktari mbele, akieleza maadili ya utafiti mpaka mbwa akalala. Umda akashikilia kwamba heshima ya nyumba yake imevunjwa. Ndipo mkewe, Hajja Inshirah, akasema nyuma ya mlango:

"Heshima ya nani, we mwanamume? Mimi nilikuwa ndani nimelala, mgongo unaniuma. Alichokiona huyu mtoto ni wewe umechuchumaa unafua magauni yangu. Mpigie muhuri wake, au kesho utayafulia barazani."

Waheshimiwa, nimeona mihuri mingi ikipigwa. Kwa kasi ile, sijapata kuona.

Na ninyi wanaume mnaocheka, nani kati yenu anajua sabuni inakaa wapi nyumbani kwake? Umda wetu anajua. Mpigieni makofi.

Tangu siku ile Haitham hata akipanda ngazi ya msikiti anapiga kelele. Vizuri. Maana baadhi yenu, vijana, mtapanda mbali, mtapewa ofisi za juu, na kutoka huko mtaona nyua zetu zote. Waliowatangulia walipanda kimya. Ninyi pazeni sauti, tupate kujisitiri.

Jambo la mwisho. Haitham ameniambia kwamba magauni yale yalikuwa ndani ya karai kubwa la shaba lenye kiraka pembeni. Umda wangu, karai hilo uliazima kwangu siku ya arusi ya mwanao, na kila nikiuliza unaniambia hujui liliko. Maliza kufua, lisuuze, uniletee mwenyewe.

Nawashukuru wote kwa kunivumilia wakati bata wanapoa. Na wewe Umda, ukifika kwangu, paza sauti kabla ya kuingia uani. Nami nina magauni ya mtu yananisubiri.