Mama Aliomba Watu Saba

Ndugu waombolezaji, majirani wa Tansy Gore nanyi mliotoka mbali kwenye theluji hii, kwa niaba ya familia, mimi Odile, mwanawe mkubwa, nawasomea maisha ya mama yetu, na naomba mnivumilie pale sauti itakapopanda, maana msiba huu umekuja na hasira yake.

Marehemu Lorna Thibault Pruitt alizaliwa tarehe 9 Aprili 1947 hapa hapa Tansy Gore, Vermont, mtoto wa tatu wa mzee Armand Thibault, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, na mkewe Cécile. Alisoma shule ya mji huu, akamaliza sekondari Juni 1965, na baadaye akaajiriwa kuendesha basi la shule hadi alipostaafu mwaka 2009, na wengi wenu aliwakemea ndani ya basi hilo, "Kaa chini wewe!", na inaelekea mnatii hadi leo.

Tarehe 14 Septemba 1968 alifunga ndoa na marehemu baba yetu, Everett Pruitt, seremala, wakajaliwa watoto wawili, mimi na mdogo wangu Russell.

Mwaka 2011 mafuriko yalilegeza daraja la barabara yetu, magari mazito yakapigwa marufuku, na tangu hapo, kila Jumanne ya kwanza ya Machi, mji unapokutana katika ukumbi huu, mama aliomba litengenezwe. Utaratibu mnaujua, wanaokubali wanasema ndiyo, wanaopinga wanasema hapana, mwenyekiti anasikiliza na kutangaza walioshinda, na mwenyekiti wetu miaka yote hiyo ni Bwana Wendell Stickney, ambaye mdogo wake ndiye msimamizi wa barabara, na ambaye masikio yake kila mwaka yalisikia hapana. Daraja la kwenda machimbo yao ya kokoto lilijengwa upya mwaka 2013, kwa ndiyo iliyosikika vizuri kabisa.

Sheria inasema watu saba wakisimama kutilia shaka, kura zipigwe upya kwa karatasi. Kila mwaka, wakati wa chakula cha mchana cha mkutano, mbele ya maharage na pai, mlimshika mama mkono, "Lorna, tuko nyuma yako," naye akawajibu, "Nyuma mmejaa, mimi nataka wa pembeni!" Kisha aliposimama mliangalia viatu vyenu, kwa sababu trekta la akina Stickney ndilo linalowaondolea theluji mlangoni, na kila mtu anajua mlango wa mbishi hufikiwa mwisho. Mwaka wa neema walisimama watano. Iliniuma sana, na inaniuma.

Mama alianza kusumbuliwa na moyo Oktoba 2021. Jumatano, tarehe 21 Februari 2024, alizidiwa asubuhi, gari la wagonjwa likaja upesi, likafika darajani, likasimama, maana haliruhusiwi kupita, ikabidi Russell na jirani yetu Clyde Bascom wamvute juu ya daraja kwa kitelezi cha theluji cha wajukuu, naye akasema, "Taratibu, Russell, Wendell asije akasema nimezidisha uzito." Alikata roho kabla ya kufika hospitali. Ameacha watoto wawili na wajukuu wanne, na atazikwa mwezi Mei, ardhi hii iliyoganda kwa baridi ikishalainika.

Tunawashukuru wahudumu walioacha gari na kumkimbilia kwa miguu, daktari wake wa moyo, Clyde, madereva wenzake, na wote mliopika. Bwana Stickney naye tunamshukuru kwa shada la maua, limefika kwetu mapema kuliko trekta lake.

Sasa naomba tusimame sote, tumkumbuke mama kwa ukimya.

Asanteni, msiketi kwanza. Nawaona mmesimama ukumbi mzima, hadi kule mlangoni, na hakuna aliyeanguka. Mama aliomba watu saba tu. Jumanne hii tunakutana humu humu, kwenye viti hivi hivi, nami nitasimama pale alipokuwa akisimama yeye.

Pumzika kwa amani, mama, wewe umesimama vya kutosha.