Batri Yenye Ilikuwa Nzito

Mu taxi-bus ya Butembo, mbele yangu, infirmière mumoja alikuwa anagombeza papa mumoja, muzee wa comité yenye ilinunulia maternité yake batri ya nickel-cadmium ya kuwasha taa.

“Mulituletea ya kuamusha moteri. Inatoa nguvu yote mara moja, kisha inaisha. Sisi tulihitaji ile inatoa kidogo-kidogo mpaka asubui.”

“Mais mama, kwa duka zilikuwa mbili, tukazipima na mukono, tukachagua yenye ilikuwa nzito.”

Kwetu mbuzi nayo inachaguliwa vile, mais hakuna mutu anaombaka mbuzi taa.

“Taa ilizimika nikiwa nazalisha Joyeuse. Damu inatoka, mimi napapasa mu giza. Akakufa.”

Papa akavua kofia. “Pole, mama. Mais batri haikupotea bure. Sasa inaamusha groupe ya kanisa, ile moteri ya umeme. Hata kwa maziko yake, micro ilisikika mpaka mbali.”

Shofere akasimama kwa barrière ya njia. Infirmière akashuka wa kwanza.